Usiguse Ngoma Zangu

Kanisani walimwita Mitambo, na jina likamganda hata watoto wa kaka yake wakawa wanamwita Shangazi Mitambo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mabega yameinama mbele kwa miaka ya kuinamia miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na alikuwa na tabia ya kufumba macho mtu anapoongea naye. Wengi waliona ni dharau. Haikuwa dharau. Alisikia vizuri zaidi akifumba macho, basi.

Kaka yake ndiye aliyekuwa Radi, mpiga dramu. Huyo hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Alikuwa na kifua kama kabati, kicheko kinachofika mtaa wa pili, na mikono iliyokuwa ikishuka juu ya ngoma mpaka akina mama wa safu ya nyuma wanasimama bila kujua nani kawaambia wasimame. Makanisa mengine yalikuja kumwazima siku za mikutano mikubwa, naye alikwenda kama bwana harusi, fimbo zake mbili amezichomeka mfuko wa nyuma wa suruali.

Wazazi wao walikufa Mitambo akiwa bado msichana wa shule, na Radi akamchukua. Hilo alilitenda kweli, hakuna wa kumnyang'anya. Alimlisha, akamsomesha, akamfundisha hata kukaza ngozi za ngoma kwa ufunguo, akizigonga pembeni kwa kidole na kumuuliza, "Hapa na hapa panaongea lugha moja?" Kama si yeye, Mitambo asingekuwa na sikio alilokuwa nalo. Lakini Radi alikuwa mtu wa kutoa kwa mkono mmoja na kusimanga kwa mwingine, na wema wake haukukaa kimya hata siku moja.

Mitambo akaolewa. Ndoa haikukaa. Mume alimfungashia virago mchana kweupe, majirani wanaangalia, naye akarudi kwa kaka yake na begi moja na jiko la mafuta. Mke wa Radi, wifi yake, alimpokea vizuri, akamfagilia chumba cha nyuma, kile kilichobanwa kati ya stoo na bafu. Radi alimpokea kwa namna yake. Wageni walipouliza yule dada ni nani, alijibu, "Ni barua yangu. Niliituma, ikarudi. Anwani haikujulikana." Wageni walicheka. Watoto nao walijifunza kucheka.

Kazi aliyoipata ni ya kanisani hapo hapo, fundi sauti. Siku za ibada alikaa nyuma kwenye miksa, na kanisa liliporekodi nyimbo, yeye ndiye aliyezichukua nyumbani kwenye kompyuta na kuzichanganya mpaka zikawa kitu cha kusikilizwa.

Na hapo lazima niseme kidogo kuhusu ngoma, maana ndizo zilizoleta yote. Dramu ndani ya kanisa ni mnyama asiyefugika. Ukuta ni zege, paa ni bati, pigo likitoka linakwenda, linagonga, linarudi likiwa limechoka. Kwaya inaimba pembeni, kwa hiyo maiki zote za ngoma zimejaa sauti za watu. Mafundi wengi, wakiona tabu hiyo, huzitupa ngoma halisi na kubandika za mashine, kila pigo sawa na jingine kama mhuri wa posta. Zinasikika safi, na zinasikika maiti.

Mitambo hakufanya hivyo. Alianza na zile maiki mbili zinazoning'inia juu ya mpigaji, kwa sababu humo ndimo alimo mtu mzima, matoazi yake, mikono yake, hata kiti kinavyolia chini yake. Akishapata sura ya mtu, ndipo anaongeza ngoma kubwa ya mguu na ile ndogo ya katikati wanayoiita sneya, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Sauti za kwaya zilizovuja kwenye maiki za ngoma hakuziondoa zote. Ukiziondoa, ngoma zinakuwa kama zimepigwa nyumba nyingine. Watu waliposikia rekodi zake waliapa kwamba wamekaa kanisani, safu ya tatu, upepo wa feni unawapiga shingoni.

Sifa zote zilikwenda kwa Radi. "Ngoma za asili," walisema. "Huyu bwana hapigi, anaongea."

Ila kulikuwa na jambo alilolijua Mitambo peke yake. Miaka kadhaa nyuma, akiangalia mawimbi ya sauti kwenye kioo cha kompyuta, aliona mkono wa kushoto wa kaka yake umechelewa. Si sana. Kama mtu anayefika kwenye kikao wenzake wakiwa ndio kwanza wanakaa. Alidhani ni uchovu. Akatafuta ubeti mwingine wa wimbo ule ule, mahali ambapo mkono uliwahi, akalikata pigo lile na kulishonea pale lilipokosekana. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutoa jasho, maana kila pigo lilibeba kipande cha sauti ya kwaya. Ukichukua la mahali pasipo pake, unasikia "le" katikati ya "lu," na haleluya nzima inakatika kiuno. Ilibidi atafute pale pale walipoimba silabi ile ile kwa pumzi ile ile.

Rekodi iliyofuata mkono ulichelewa zaidi. Akashona zaidi. Iliyofuata, mapigo mengine hayakuwepo kabisa, fimbo ilikuwa imeigusa ngozi tu kama inaomba radhi. Akashona hayo pia. Mwishowe mkono wa kushoto uliokuwa ukisifiwa makanisani ulikuwa karibu wote ni wake yeye, umetoka viraka viraka kwenye meza ya chumba cha nyuma. Mpiga besi peke yake ndiye aliyehisi kitu. Siku hizi kwenye mazoezi alikuwa anauangalia mguu wa Radi na si mikono.

Kwa nini hakumwambia? Kwanza, nani angemwambia Radi? Pili, na hili hakulisema hata kwa mto wake, kulikuwa na utamu ndani yake. Wanakaa mezani, Radi anatafuna na kumsimanga mbele ya watoto, anasema kazi ya fundi sauti ni kubonyeza tu, hata kuku akipita juu ya vitufe atatoa wimbo. Mitambo anakula kimya. Anajua anachokijua. Utamu ule ulimtosha kwa muda mrefu.

Kisha kanisa likaamua kurekodi ibada nzima ya sifa, waumini wakiwemo, siku moja, hakuna kurudia. Kiongozi wa sifa, kijana mtanashati aliyependa kuvaa miwani isiyo na nguvu, aliitisha kikao ukumbini. Walikuwepo kwaya nzima, wapiga vyombo, wazee wa kanisa na Mchungaji mwenyewe.

"Dada Mitambo atatueleza maiki zikae wapi na anahitaji nini kwetu," akasema kiongozi.

Mitambo akasimama. Alieleza ya maiki. Alikuwa ameliwaza jambo hili wiki nzima, na alilileta kwa nia njema, tena njema kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. "Ningeomba pia mpiga dramu avae kile cha masikioni chenye mdundo wa kuhesabu. Nyimbo ni nyingi. Kitamsaidia asi... kitatusaidia wote tusikimbie wala kubaki nyuma."

Radi alikuwa ameegemea kiti nyuma, miguu miwili ya kiti hewani. Akakishusha taratibu.

"Nihesabiwe? Mimi?" Akageukia watu. "Jamani, mimi si ndiye saa ya kanisa hili?"

"Ndiye!" kwaya wakaitika wakicheka.

"Sikilizeni, ndugu zangu. Huyu ni dada yangu, damu ni damu, nampenda. Lakini mtu aliyeshindwa kumsikia mume mmoja ndani ya nyumba ya vyumba viwili, leo anataka kunifundisha mimi kusikiliza?"

Kicheko kikapasuka. Mitambo alikuwa bado amesimama, karatasi haina kitu mkononi, hajui aketi au aendelee.

"Karudishwa kama kiatu kisichomwenea mtu," Radi akaendelea, sasa kapata moto, "tena bila boksi lake! Na aliyekinunua hakudai hata chenji!"

Mama mmoja wa sauti ya kwanza alicheka mpaka akamshika jirani yake. Mchungaji alitoa leso akajifuta midomo ambayo haikuwa na kitu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika nyuma ya leso ile. Mitambo aliliona hilo. Mengine yote angeyasahau labda, ila mabega ya Mchungaji hakuyasahau.

"Sasa nikuambie ninachokitaka," Radi akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Ngoma zangu usiziguse. Usikate, usibandike, usizipake poda. Safari hii za asili, za asili kweli. Nataka watu wamsikie Radi kama Mungu alivyomuumba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

"Sema mbele ya mashahidi."

Mitambo akafumba macho. "Sitazigusa."

Jioni ile wifi alimfuata uani alipokuwa akianua nguo. "Wifi, usiweke moyoni. Unamjua kaka yako, mdomo wake hauna mlango."

"Nyumba isiyo na mlango ndiyo inayoingiwa na wezi, wifi," akajibu, akakunja shuka na kuingia ndani.

Siku ya kurekodi kanisa lilijaa mpaka dirishani. Mitambo aliweka maiki kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Mbili za juu alizipima kwa kamba zote ziwe umbali mmoja na sneya, moja akaisimamisha mbali, karibu na mimbari, ili ilichukue kanisa zima. Radi alimpita akiwa na shati jipya na kumgonga kisogoni kwa fimbo, kidogo, kama mtu anavyogonga tikiti kuona limeiva. "Leo kaa ujifunze," akamwambia.

Ibada ilikuwa ya moto, asikudanganye mtu. Waumini waliimba, wakalia, wakarukaruka. Katikati ya wimbo wa kasi fimbo ya kushoto ilimtoka Radi, ikaruka mpaka miguuni mwa mpiga besi. Akachomoa nyingine haraka na kutoa ulimi, watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe. Mitambo, nyuma, macho amefumba, hakushangilia.

Aliichanganya rekodi ile mchana baada ya mchana, kwa siku kadhaa, mlango umefungwa. Na aliifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alianza na maiki za juu, kama kawaida. Akaiongeza ile ya mimbarini, kanisa likafunguka. Aliona wimbi la maiki ya chini ya sneya linapingana na la juu, akaligeuza, na ngoma ikapata mwili. Hakukata. Hakubandika. Mapigo madogo madogo ambayo mafundi wengine huyafyeka pamoja na kelele, aliyaacha yote yapumue. Kama angetaka huruma, njia ilikuwepo. Angeishusha tu sneya, akaifunika kwa kwaya na matoazi, na watu wangesema ngoma ziko chini kidogo, basi. Badala yake aliipandisha. Aliipandisha mpaka kila pigo lilisimama mbele ya mtu peke yake, mchana kweupe, na kila palipotakiwa pigo na halikuja, unasikia nafasi yake wazi kama jino lililong'oka.

Alipomaliza alisikiliza mara moja, toka mwanzo hadi mwisho. Akatabasamu. Hilo nalo lisemwe.

Walikusanyika kusikiliza ukumbini baada ya ibada ya Jumapili. Radi alikuwa amewaalika wakwe zake, baba na mama mkwe, na kuwakalisha mbele kabisa kwenye viti vya kitambaa. Spika kubwa mbili zilipangwa jukwaani. "Mtasikia mkono," akawaambia wakwe.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu, ukapita. Watu walitikisa vichwa, wengine wakapiga makofi ya chini chini. Wa pili ulikuwa ule wa kasi. Mwanzoni watu walikunja tu nyuso kama wanaotafuta jina la mtu waliyemsahau. Kwaya inakwenda, besi inakwenda, na ngoma inawafuata nyuma kama mlevi anayesindikizwa nyumbani. Pigo, kimya, mapigo mawili kwa pupa, kimya. Halafu ikaja sehemu ile ya fimbo kuanguka, na kwa kuwa ilirekodiwa vizuri, ilisikika ikigonga sakafu na kuviringika.

Yule mama wa sauti ya kwanza ndiye aliyeanza. Alijibana, akashindwa, kicheko kikatoka puani. Kikaenea. Baba mkwe, mzee mwenye heshima zake, aliangalia viatu vyake.

Radi alisimama. "Zima!" Akamgeukia dada yake. "Umefanya nini?"

"Ulisema nisiguse."

"Umezisogeza! Umezivuruga makusudi! Jamani, huyu ana kinyongo na mimi, kaziharibu!"

"Kwenye kompyuta zipo kama zilivyotoka," Mitambo akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Na dramu ile pale, kaka. Kaa upige. Tusikie."

Hapo angeweza mtu kusema basi, yaishe. Mchungaji alikuwepo, wazee walikuwepo. Hakuna aliyesema. Watu waligeuza viti vyao kuelekea kwenye dramu, na viti vile vikalia sakafuni vyote kwa pamoja.

Radi alipanda, akakaa, akakohoa. Akaanza. Mguu ulikuwa sawa, mkono wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulinyanyuka, ukasita hewani, ukashuka pembeni. Akaanza upya. Safari hii mkono ulianza kutikisika wenyewe, kabla hata hajaunyanyua, na akauangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeingia bila hodi. Fimbo ikaanguka. Akainama kuiokota, vidole vikaikosa, vikaikosa tena. Wifi yake Mitambo ndiye aliyepanda jukwaani, akaiokota na kumpa mumewe mkononi bila kumtazama mtu.

"Kapumzike, mtumishi," kiongozi wa sifa akasema. "Umetumika sana." Na neno kupumzika, kanisani, kila mtu anajua maana yake.

Hata jua halijatua kipande kile kilikuwa kwenye simu za watu. Kuna aliyerekodi. Waliandika chini yake, "Radi ya kiangazi," na wengine wakajibu, "Inanguruma, mvua hakuna."

Hospitali walikwenda watatu, Radi, mkewe na Mitambo. Daktari alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Akamwambia atembee mpaka dirishani na kurudi. Alitumia muda, akauliza mengi, akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba hauponi, ila dawa zingeupunguzia kasi ya kumsumbua.

"Ila haukuanza jana," akaongeza. "Una miaka huu. Mtu wa kazi ya mikono kama wewe, hakuna aliyeona? Kazini? Nyumbani?"

"Hakuna," wifi akajibu. "Alikuwa anapiga vizuri kabisa. Tuna rekodi."

Mitambo alikuwa amefumba macho.

Baada ya hapo Radi akawa mtu wa kukaa sebuleni. Dawa zilimsaidia kushika kikombe, hazikumrudisha kwenye ngoma. Kifua kilibaki, mdomo ulibaki, na sasa mdomo ulikuwa na siku nzima ya kufanya kazi. Akazichukua rekodi za miaka ya karibuni, zile za kabla ya aibu, akawa anazipiga kutwa. Mgeni akiingia, hata wa kuuza sabuni, anakalishwa. "Sikiliza hapo. Sikiliza mkono wa kushoto huo! Huyo ndiye mimi. Yule mliyemcheka alikuwa mgonjwa, na kuna mtu humu ndani aliyeniuza. Mtu niliyemlisha."

Mitambo alivumilia. Alipika zamu yake, akafua zamu yake, akaenda kazini, akarudi. Alijiambia mgonjwa hajibiwi.

Siku moja mchana alikuwa anapita sebuleni na beseni la nguo. Radi alikuwa na mgeni, yule yule mpiga besi, aliyekuja kumjulia hali. Redio ilikuwa juu.

"Umeona?" Radi akamwambia mgeni. "Mungu kanipa mkono, dada yangu kauza. Mumewe hakuwa mjinga. Mwanamke asiyezaa hana cha kulinda, ndiyo maana haoni uchungu wa kuharibu cha mwenzie."

Mpiga besi akasema, "Aa, kaka, hapo hapana."

Mitambo aliweka beseni chini. Alilipanga vizuri ukutani lisimwagike. Akaenda akazima redio.

"Huyo unayemsikiliza si wewe," akasema.

"Nini?"

"Huo mkono wa kushoto. Si wako. Ni wangu mimi, nimeushona kipande kwa kipande. Wako ulikufa zamani. Unataka kuusikia?"

Akaileta kompyuta. Mpiga besi alisimama aondoke, Radi akamwambia kaa. Mitambo akapiga wimbo kama unavyojulikana, kisha ule ule kama ulivyotoka kwa mpigaji. Akaenda rekodi iliyofuata, akafanya hivyo hivyo. Akaenda iliyofuata. Alibonyeza tu, na ugonjwa ule ulipita sebuleni wote, toka ulipokuwa mchanga mpaka ulipokomaa. Wifi alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Radi alisikiliza zote. Mkono wake ulikuwa unatikisika juu ya goti, na yeye akaulaza ule mwingine juu yake.

"Ulijua," akasema mwishoni.

"Sikujua kama ni ugonjwa."

"Lakini uliona. Miaka yote hii uliona."

"Niliona."

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?" Hakuwahi kumwita hivyo tangu aliporudi kutoka kwa mumewe.

"Ungenicheka," Mitambo akasema. Na ilikuwa kweli, kila mtu sebuleni pale alijua ni kweli, Radi mwenyewe wa kwanza. Haikumsaidia mtu.

Mpiga besi akaaga bila kunywa chai. Radi akaomba apelekwe kulala, na jua lilikuwa bado la saa nane.

Wifi alikuja chumba cha nyuma akiwa amevaa kitenge cha kutokea, kama mtu anayekwenda kwenye jambo rasmi. Miaka yote walikuwa wanasukana, wanafichiana siri, wanachekeana. Hakukaa kitandani.

"Daktari aliniuliza mbele yako," akasema. "Nikajibu hakuna. Ukaniacha niseme hakuna."

"Wifi..."

"Sitaki kujua nani kaanza, wifi. Nyinyi ni ndugu, mtajuana mbinguni. Mimi ndiye ninayemvalisha soksi. Pakia vitu vyako, uondoke kabla hajaamka."

Akamsaidia kukunja shuka, kwa sababu ya mazoea, kisha akakumbuka na kuziacha katikati.

Mitambo alipanga chumba juu ya duka la vipuri, mahali penye kelele za nyundo toka asubuhi. Kazi haikumpungukia. Rekodi ile, aibu na yote, ilizunguka, na mafundi wa makanisa mengine waliosikia walisema hawajawahi kusikia ngoma zimenaswa hivyo, ziko hai, unaweza kuzishika. Wakamwita. Watoto wa kaka yake wakikutana naye njiani walimsalimia haraka haraka, "Shikamoo, Shangazi," kisha wakatazama nyuma kama kuna mtu.

Mwaka uliofuata kanisa lilirekodi tena, na kiongozi wa sifa akampigia yeye. Akaenda. Kulikuwa na mpiga dramu mpya, kijana mpole aliyevaa cha masikioni bila kuambiwa mara mbili. Radi alikuwa ameletwa, amekalishwa mbele kama wanavyokalishwa watu wa kuheshimiwa, mkewe pembeni, mkono wa kushoto ameufungia ndani ya koti. Mchungaji alimtaja kwenye maombi kama askari aliyevipiga vita, watu wakasema amina.

Mitambo alimtazama kutoka nyuma, kule kwenye miksa. Radi hakugeuka.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, pigo la kwanza lilipotua, Radi alinyanyuka. Ilimchukua muda kunyanyuka. Akatoka kwa njia ya katikati, hatua fupi fupi za kuburura, na njia ya katikati ilipita kando kabisa ya miksa. Alifika pale, akasimama akipumua, dada yake mkono wa kuume. Mitambo alivua vifaa vya masikioni. Alisubiri. Angepokea hata tusi.

Radi alikuwa anaangalia mlango. Mkewe akamshika kiwiko, wakapita, wakatoka.

Mitambo akavivaa tena. Kijana alikuwa anapiga kwa woga na ngoma ya mguu haikufika nyuma. Akafumba macho, akaipandisha kidogo.